Vijay Singh wa Fiji: kashinda mara 22 baada ya kufikisha miaka 40, kwa nini hatajwi?

mpenzi_wa_grini

Wakuu habari zenu. Mimi gofu naifuatilia kwa macho tu, sina handikapu wala fimbo, na kama wengi humu niliingia kwenye huu mchezo kwa sababu ya Tiger Woods. Sasa juzi nilikua napekua majina ya waliowahi kua namba moja duniani, nikategemea nitaona Wamarekani na Waingereza watupu, nikakutana na Vijay Singh wa Fiji. Fiji jamani, nchi ambayo ukiitaja tu mtu anakwambia raga! Nikaanza kusoma ndio nikazidi kuchanganyikiwa maana jamaa ana meja tatu (yale mashindano manne makubwa ya mwaka), kashinda mara 34 kwenye PGA Tour, ile ziara kuu ya gofu ya Marekani, na kati ya hizo 34 mara 22 kashinda akiwa keshafikisha miaka 40. Umri ambao wengine wanaanza kutafuta kazi ya utangazaji.

Swali langu, mtu wa namna hii mbona kwenye mabishano ya nani mkali hatajwi? Wakali wa zama zake kama Phil Mickelson na Ernie Els wanatajwa, huyu kimya. Halafu kuna sehemu nimeona wanasema akiwa kijana alifungiwa kwa kuchezea kadi ya matokeo, hiyo imekaaje? Wanaojua naomba mnifungue kidogo, na tafadhali msinijibu mstari mmoja.

---

kedi_mstaafu

Mkuu umegusa penyewe. Vaa miwani maana nitaandika kirefu.

Huyu bwana kazaliwa Lautoka, Fiji, mwaka 1963, familia ya Kifiji yenye asili ya Kihindi. Baba yake alikua fundi wa ndege, na pembeni alikua anafundisha gofu, kwahiyo mchezo aliukuta nyumbani. Uwanja aliokulia ni ule wa Nadi, jirani na uwanja wa ndege. Kuna ile habari kwamba mipira ilikua ghali akawa anapiga nazi, imeandikwa sana hiyo, me naichukulia kama ilivyo. Kitu ambacho hakina ubishi ni kwamba hakuna mtu kutoka pale aliyewahi kufika kwenye gofu kubwa kabla yake, hapakua na kocha wa taifa, hapakua na chuo cha Marekani cha kumpa ufadhili kama wanavyopata vijana wa leo. Swingi yake aliijenga kwa kumuangalia Tom Weiskopf, yule Mmarekani mrefu aliyeshinda Open ya Uingereza 1973. Weiskopf alikua na swingi nzuri kuliko karibu wote wa zama zake, kwahiyo dogo alichagua vizuri wa kumuiga.

1982 akaingia kulipwa, 1984 akashinda ubingwa wa PGA wa Malaysia. Hapo unaona kabisa mtu anapanda. Halafu 1985 ndio ikaja hiyo ishu ya Indonesia.

Shindano lilikua Open ya Indonesia, Jakarta. Akashutumiwa kwamba amebadilisha kadi yake, kapunguza mkwaju mmoja ili afuzu kucheza raundi mbili za mwisho. Yeye mpaka leo anakataa, anasema palikua na kutoelewana na aliyekua anamuandikia. Ziara ya Asia ikamfungia. Fikiria una miaka 22, Ulaya hujafika, Marekani hujafika, na sehemu pekee uliyokua unapata riziki imekufungia mlango.

Alichofanya sasa ndio kinanifanya nimheshimu. Akaenda Borneo, upande wa Malaysia, akapata kazi ya kufundisha gofu kwenye klabu ndogo huko Keningau, katikati ya misitu na makampuni ya mbao. Anafundisha watu wazito wazito wa mbao na mafuta namna ya kushika fimbo, akimaliza anabaki kwenye jua peke yake anapiga mipira. Hakuna kamera, hakuna mdhamini. Ile tabia ya kukaa kwenye uwanja wa mazoezi mpaka giza liingie, ambayo baadae ilikuja kua hadithi kwa kila mtu Marekani, ilijengwa pale pale.

Na kurudi kwake hakupitia Marekani, kulipitia Afrika! Wengi hawajui hili. Zamani palikua na mzunguko wa Safari, mashindano yanafuatana Nigeria, Ivory Coast, Zambia, Zimbabwe, Kenya, wachezaji wa Ulaya waliokua hawana kazi msimu wa baridi ndio walikua wanakuja. Vijay akashinda Open ya Nigeria 1988. Kabla ya hapo alikua amewahi kukaa Scotland akafanya kazi ya baunsa wa klabu ya usiku Edinburgh ili mkono uende kinywani. Akapata kadi ya Ulaya, yani kibali cha kucheza ziara ya huko, 1989 akashinda kule Italia, na 1993 akashinda Buick Classic kule New York kwa muda wa ziada, akachaguliwa mchezaji bora chipukizi wa PGA Tour. Chipukizi wa miaka 30, haha.

---

Mbishi_halisi

Mzee kedi umeisimulia vizuri ila umeipitisha ishu ya kadi kwa kasi mno kama mtu anayevuka barabara. Gofu sio mpira wa miguu ambapo refa yupo na filimbi. Kwenye gofu mchezaji ndio anajisimamia, mpira ukisogea hata kidogo wakati unajiandaa unatakiwa ujitaje mwenyewe hata kama hakuna aliyeona. Ndio maana tuhuma ya kadi ni mbaya kuliko kupigana ngumi.

Na watu waelewe inavyofanya kazi. Kadi yako hauandiki wewe, anaandika mwenzako mnaecheza nae, mwisho unaikagua shimo kwa shimo unasaini. Ukisaini namba ndogo kuliko uliyopiga unatolewa kwenye shindano, ukisaini kubwa inabaki hiyo hiyo kubwa. Muulizeni Roberto De Vicenzo, Masters ya 1968, alipiga mikwaju 3 shimo la 17, mwenzake Tommy Aaron akaandika 4, mzee wa watu akasaini bila kuangalia. Mkwaju mmoja wa kwenye karatasi ukamnyima nafasi ya kucheza muda wa ziada na Bob Goalby, Goalby akavaa koti la kijani la ubingwa. Yule aliumizwa na kadi yake mwenyewe na dunia nzima ikampenda zaidi. Vijay akashutumiwa kinyume chake, ndio tofauti.

Kwahiyo mpenzi_wa_grini ukiuliza kwa nini hatajwi, jibu la kwanza ni hilo. Jibu la pili ni mdomo. 2003 Annika Sorenstam, mkali wa gofu ya wanawake, alialikwa kucheza shindano la Colonial na wanaume, mwanamke wa kwanza kwenye PGA Tour tangu Babe Zaharias 1945, dunia nzima imekaa kwenye tivii, Vijay akasema anatumaini dada wa watu hatofuzu. Na yeye mwenyewe baadae akajitoa kwenye hilo shindano akisema amechoka, baada ya kushinda wiki iliyotangulia. Alijaribu kulainisha lakini maji yalishamwagika.

---

kedi_mstaafu

Mbishi, kuhusu Annika sikupingi, ile kauli ilikua ya hovyo, nukta. Lakini kuhusu kadi naona unamhukumu mtu mara mbili. Ni tuhuma ya shindano moja, alifungiwa, akalipa kwa miaka yake ya ujanani kule msituni, na baada ya hapo kacheza raundi ngapi Ulaya na Marekani mbele ya kamera na wapinzani ambao walikua hawampendi hata kidogo, na hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole tena kwa kadi. Ingekua ni tabia ingeonekana.

---

Mbishi_halisi

Sijasema ni tabia. Nimesema ndio sababu watu wanamkwepa. Ni vitu viwili hivyo mzee wangu.

---

dada_swingi

Jamani mmeanza mambo ya mahakama wakati swali lingine tamu hamjaligusa, aliwezaje baada ya 40? Ngoja nijaribu upande wa ufundi maana mimi hizi klipu zake naangalia mpaka simu inaisha chaji.

Angalia kitu cha ajabu kwenye mkono wake wa kulia. Wakati fimbo inafika kwenye mpira, kiganja cha kulia kinakua kama kinaachia, vidole vinafunguka, unaona kabisa mkono umeshika kwa adabu tu. Mwalimu yeyote akiona mwanafunzi anafanya hivyo atapiga kelele. Lakini kwake maana yake ni kwamba nguvu haitoki kwenye mkono wa kulia, inatoka kwenye mwili unaozunguka na mkono wa kushoto unaoongoza, wa kulia hauna nafasi ya kuingilia na kuupinda mpira kwenda kushoto. Ndio maana swingi yake inaonekana laini, hakuna sehemu anakurupuka. Mtu wa futi sita na zaidi anazungusha taratibu na mpira unaenda mbali.

Swingi ya hivyo haivunji mgongo haraka. Fananisha na Tiger ambae alikua anaupindisha mwili kwa fujo, magoti na mgongo vikafanyiwa upasuaji mara kadhaa. Vijay alikua anafanya mazoezi ya viungo kwelikweli kabla haijawa fasheni kwa wachezaji wote, na kwenye uwanja wa mazoezi ana vitu vyake, fimbo zimechomekwa ardhini kuonyesha mstari, glovu ameibana kwapani ili mkono usiachane na kifua, anarudia kitu kimoja hicho hicho. TPC Sawgrass kule Florida, karibu na anapoishi, ana sehemu yake mwishoni mwa uwanja wa mazoezi ambayo kila mtu anaijua.

Udhaifu wake ulikua kwenye grini, ile sehemu ya majani mafupi yenye shimo. Kupeleka mpira mpaka karibu na shimo hana shida, kuusukuma uingie ndio msala. Kabadilisha fimbo za grini kama mtu anaebadilisha laini za simu, fupi, ndefu, ile ya kuegemeza tumboni, mikono kinyume, vyote kapitia. Bahati yake alizitumia hizo za tumboni wakati bado ruksa, maana tangu Januari 2016 kuegemeza fimbo mwilini kumepigwa marufuku. Kwa maoni yangu mimi, angekua anasukuma vizuri nusu ya Tiger tungekua tunaongelea meja sita au saba hapa.

---

mpenzi_wa_grini

Aisee asanteni, mnanifurahisha. Dada_swingi nimeenda kuangalia huo mkono, ni kweli kabisa unaachia! Sasa nielezeni hiyo 2004, maana nimeona namba moja kaichukua mwaka huo, kwa Tiger. Hapo Tiger alikua mgonjwa au ilikuaje?

---

kedi_mstaafu

Tiger hakua mgonjwa, alikua anabadilisha swingi yake na kocha mpya na hakushinda meja yoyote 2003 wala 2004, lakini bado alikua Tiger, kila wiki yupo juu. Alikaa namba moja wiki 264 mfululizo, zaidi ya miaka mitano. Kumtoa mtu wa hivyo lazima ushinde karibu kila wiki na ndicho Vijay alichofanya.

Fuata hapa. Kuanzia mwanzoni mwa Agosti mpaka mwisho wa Oktoba 2004 kashinda mara sita, na jumla ya mwaka mzima mara tisa. Meja ilikua PGA Championship pale Whistling Straits, Wisconsin. Raundi tatu za kwanza 67, 68, 69, watu wakajua imeisha. Jumapili akapiga 76! Hakuna aliyewahi kushinda ile meja kwa raundi ya mwisho mbaya hivyo tangu waanze kuicheza kwa kuhesabu mikwaju badala ya mtu kwa mtu. Siku nzima hakupata hata shimo moja chini ya pa, yani chini ya idadi ya mikwaju iliyowekwa kwa shimo hilo. Justin Leonard akawa na nafasi ya kummaliza shimo la 18 akaikosa, wakaingia muda wa ziada watatu, Vijay, Leonard na Chris DiMarco, mashimo matatu, na shimo la kwanza tu la ziada Vijay akapata mkwaju mmoja chini ya pa, wa kwanza kwa siku ile. Ukamtosha kushinda.

Halafu Septemba, Deutsche Bank kule Boston, akawa anaongoza, Tiger yupo nyuma yake anamkimbiza, na ubao ukimwambia kwamba akishinda anaondoka na namba moja. Tiger akamkaribia kabisa ile siku ya mwisho, watu wote wanapiga kelele za Tiger, Vijay akashinda kwa mikwaju mitatu. Miaka 41 alikua nayo. Jumla alikaa namba moja wiki 32, wakabadilishana na Tiger mpaka 2005.

Na kuna kitu kitamu kingine, 2000 Tiger alishinda meja tatu kati ya nne, US Open, Open ya Uingereza na PGA. Hiyo ya nne iliyomponyoka ni Masters, na unajua nani aliichukua? Huyo huyo. Mtoto wake Qass alikua bado mdogo, akamuandikia baba yake kikaratasi cha kumwambia aiamini swingi yake, kikabandikwa kwenye begi la fimbo, akacheza nacho Augusta, uwanja wa Masters, akamshinda Ernie Els kwa mikwaju mitatu. Mwaka uliofuata kwenye chakula cha mabingwa pale Augusta akawapikia wenzake chakula cha Kithai, wazee wa Kimarekani sijui waliishia wapi.

---

Mbishi_halisi

Mzee umesahau kofia. Presidents Cup 2000, shindano la timu ya Marekani dhidi ya timu ya kimataifa, kedi (mbeba fimbo) wa Vijay alivaa kofia imeandikwa kwa nyuma "Tiger nani?" Siku ambayo bosi wake anacheza na Tiger moja kwa moja! Tiger akashinda ile mechi. Usimchokoze simba halafu ukatembea.

---

kedi_mstaafu

Hahaha ile kofia. Kedi hatakiwi kua na maoni juu ya kofia, nakwambia kama mtu wa kazi hiyo.

---

hesabu_za_mfukoni

Nimesoma yote nimefurahi ila naona hamjaongelea mkwanja, na bila mkwanja hauelewi kwa nini Borneo ilikua hatari vile.

Watu wanadhani mchezaji gofu wa kulipwa analipwa mshahara. Hakuna mshahara kwenye gofu ya ziara. Unalipa mwenyewe nauli, hoteli, kedi, chakula, unacheza Alhamisi na Ijumaa, halafu wanachuja, enzi za Vijay walikua wanabaki 70 wa juu na waliofungana nao. Usipofuzu unafunga begi Ijumaa jioni na hela yako ya wiki hiyo ni sifuri, tena umeshatumia. Kwahiyo ule mkwaju mmoja wa Jakarta wanaobishania hapo juu ulikua ni tofauti ya kula na kutokula, hata kama simtetei mtu. Bingwa yeye anachukua asilimia 18 ya hela yote iliyowekwa, na desturi kedi wake anapata kama asilimia kumi ya hapo wiki ya ushindi. Ndio maana makedi wanakimbilia begi la mtu anaeshinda hata kama ni mkali kama pilipili. Na Vijay makedi wengi walipita kwake, alikua anawachosha, maana yeye akikaa mazoezini na wewe unakaa.

2003 aliongoza kwa mapato na dola 7,573,907, akamvunjia Tiger mfululizo wake wa miaka minne. Lakini mchezaji bora wa mwaka wachezaji wenzake wakampigia kura Tiger. Hapo ndio unaona mapenzi yalikua wapi. 2004 akaingiza dola 10,905,166, mtu wa kwanza kwenye historia ya PGA Tour kuvuka milioni kumi kwa msimu mmoja, wakashindwa kumnyima, akawa mchezaji bora.

Halafu 2008, ana miaka 45, kombe la FedEx. Lile lilikua lina bonasi ya dola milioni kumi na mashindano ya mtoano mwishoni mwa msimu. Akashinda mawili ya mwanzo mfululizo, Barclays na Deutsche Bank, akawa na pointi nyingi mno kiasi kwamba shindano la mwisho alichotakiwa ni kumaliza raundi zake nne tu. Yani anacheza fainali huku kikombe kipo nyumbani. Wenye ziara wakaaibika kwa mahesabu yao, mwaka uliofuata wakabadilisha mfumo ili mambo yasiishe mapema. Kwa jumla PGA Tour peke yake kaingiza zaidi ya dola milioni 71.

---

mpenzi_wa_grini

Kubadilishiwa mfumo kwa sababu umeshinda mapema, hiyo ni sifa ya aina yake. Je kuna mwingine yeyote aliyewahi kushinda hivyo baada ya 40? Naona kuna Mickelson alishinda meja akiwa mzee.

---

dada_swingi

Mickelson ndie mzee kuliko wote kushinda meja, PGA ya 2021 Kiawah Island akiwa na miaka 50. Kabla yake rekodi ilikua ya Julius Boros, miaka 48, mwaka 1968. Na Tom Watson 2009 Turnberry alikua na miaka 59, akawa na mkwaju mmoja wa kumalizia Open ya Uingereza shimo la mwisho, ukakosa, akaja kupigwa na Stewart Cink kwenye muda wa ziada. Hiyo siiangalii tena, inaniumiza.

Lakini hizo ni wiki moja moja. Kushinda mfululizo miaka na miaka baada ya 40, aliyekua anaongoza ni Sam Snead mwenye ushindi 17, rekodi iliyokaa tangu miaka ya sitini. Vijay akaivunja Januari 2007 akaendelea mpaka 22. Na ushindi wake wa kabla ya 40 ni 12 tu. Maana yake kazi yake kubwa kaifanya uzeeni. Sijui kama kuna mtu ataifikia, vijana wa sasa wanapiga kwa nguvu mno tangu wana miaka 15 na hela wanaipata mapema, nani atabaki mazoezini mpaka jua lizame akiwa na miaka 43 na akaunti imejaa?

---

Mbishi_halisi

Dada hapo sina neno, namba hazibishiwi. Ila tusimalize bila ile ya pembe za kulungu maana mtu akija kusoma uzi huu atatuona tumeficha.

---

hesabu_za_mfukoni

Naiweka kwa kifupi. Mwanzoni mwa 2013 gazeti la michezo la Marekani likatoa habari ya kampuni inayouza dawa ya kupulizia mdomoni iliyotengenezwa kwa pembe changa za kulungu, na Vijay mwenyewe akakiri wazi kwamba anaitumia, hakujua kama ina shida. Dawa hiyo inasemekana ina kichocheo cha ukuaji ambacho kipo kwenye orodha ya marufuku. PGA Tour wakataka kumfungia siku 90, akakata rufaa, kabla haijaisha shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli likasema kutumia ile dawa ya kupulizia sio kosa mpaka upimwe ukutwe na kichocheo chenyewe. Tour wakafuta kesi. Vijay nae akawafungulia kesi mahakamani New York, kwamba wamemchafulia jina bila kufanya utafiti wao. Ikaburuzwa miaka mitano na zaidi, Novemba 2018 wakamalizana nje ya mahakama, masharti hayakutangazwa.

Mtu anawashtaki waajiri wake, yani chama ambacho yeye mwenyewe ni mwanachama, na kila wiki anaenda kucheza mashindano yao. Unafikiri watamtengenezea filamu za kumsifia?

---

kedi_mstaafu

Hapo ndio nakubaliana, ugomvi na waandishi ulimgharimu pia. Waandishi walishaandika ya Jakarta mara nyingi, akaamua kuwanyima mahojiano, nao wakaamua kumnyima kurasa nzuri. Wengine wakikosa meja wanaandikiwa habari ya kuliza watu, yeye akishinda anaandikiwa kwamba hatabasamu. Hata Ukumbi wa Heshima wa gofu aliochaguliwa 2005 akaahirisha kuingia mpaka 2006 kwa sababu ya ratiba. 

Na bado yupo. 2018 huo huo wa kumaliza kesi alishinda Senior Players kwa muda wa ziada dhidi ya Jeff Maggert, hiyo ni meja ya wazee wa miaka 50 na kuendelea. Desemba 2022 akacheza PNC Championship, lile shindano la mzazi na mtoto kule Florida, pamoja na Qass, yule yule wa kikaratasi, wakachukua. Kama unataka kumuona kwa mara ya kwanza anza na hiyo, utamuona anacheka mpaka utadhani ni mtu mwingine.

---

mpenzi_wa_grini

Nimeipata, wapo wanatembea grini ya 18 pamoja. Mbishi, njoo uone jamaa anatabasamu.

---

Mbishi_halisi

Nimeona. Bado ya Annika sijamsamehe.